MAJI YA MADRASA YETU NA TANKI LA MVIRINGO



Namshukuru Allah (S.W.) aliyetujaalia kuuona mwaka mwingine wa jarida letu, na ninamuomba amshushie rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu wasomaji, walimu wetu, wazazi wetu, na hasa nyinyi wanafunzi, mimi ni mmoja wa waliosoma katika madrasa hii zamani tulipokuwa tukikaa juu ya mikeka chini ya mwembe, na ubao umeegemezwa kwenye shina. Sikujaaliwa kuwa mwalimu. Riziki yangu Allah ameiweka katika kazi ya uashi. Kwa miaka mingi nimejenga misingi ya nyumba, vyoo vya shule, na zaidi ya yote matanki ya maji, huku kwetu Bondeni na kule juu Rungwe. Kamati ya jarida iliponiomba niandike jambo la kuwafaa wanafunzi, nikawaambia nitaandika juu ya tanki. Mjumbe mmoja alicheka, akauliza kama tanki nalo lina elimu. Nimeandika haya ili nimjibu yeye pamoja nanyi.

BONDENI KUNA MAJI MENGI, NA BADO TUNA SHIDA YA MAJI

Mtu wa Dodoma au Singida akiambiwa kwamba Kyela kuna shida ya maji hawezi kuamini. Wilaya yetu ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo inashuka kutoka milimani na kumwaga maji yake katika Ziwa Nyasa. Ukichimba shimo karibu popote kwetu huku tambarare, hujafika mbali utakuta maji. Ndiyo maana tunalima mpunga, na ndiyo maana mchele wa Kyela unasifika hadi Dar es Salaam.

Lakini neema hiyo ina mtihani wake. Kwa kuwa maji ya ardhini yako karibu, shimo la choo nalo linakuwa karibu na maji. Mvua za masika zinapozidi, hasa mwezi wa nne na wa tano, mito huvunja kingo zake, maji hutanda mashambani na majumbani, na yaliyomo vyooni hutoka na kuingia visimani. Mafuriko yakipungua, magonjwa ya kuhara huanza. Kipindupindu kiliingia Tanzania kwa mara ya kwanza mwaka 1974, na mlipuko mkubwa ulioanzia Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulienea karibu mikoa yote ya Bara. Kila kinapopita, kinawakamata kwanza wale wanaokunywa maji yaliyochanganyika na uchafu wa vyoo.

Ninalisema hili kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita, baada ya mafuriko, mtoto wa dada yangu, mwanafunzi wa madrasa, alianza kuharisha usiku. Alikuwa na miaka sita, na ndiyo kwanza alikuwa amehifadhi sura fupi chache. Kulipopambazuka macho yalikuwa yameingia ndani, na ukimfinya ngozi ilibaki imesimama. Tulimbeba kwa baiskeli hadi kituo cha afya, dada yangu akikimbia nyuma huku ameshika kiatu kimoja cha mtoto. Alitundikiwa maji siku mbili, na kwa rehema za Allah akapona. Muuguzi alituuliza maswali mawili tu: maji mnachota wapi, na je, mnayachemsha? Kisima cha nyumbani kilikuwa hatua kumi na mbili kutoka chooni. Niliporudi nilizihesabu mwenyewe. Na mchana mtoto alikuwa akinywa maji ya pipa la kutawadhia, kama walivyokuwa wakifanya wenzake wote.

PIPA LETU NA SUALA LA QULLATAIN

Wakubwa mnalikumbuka pipa lile. Lilikuwa pipa la chuma la mafuta, la lita kama 200, limekatwa juu na kuwekwa kwenye kona ya uwanja. Watoto sabini walikuwa wakitumbukiza humo makopo, mikono, na wakati mwingine viwiko. Wazee wetu wawili walikuwa wakibishana kila mara juu yake. Mmoja akisema maji ni mengi, hayana tatizo. Mwingine akisema hayafiki qullatain, kwa hiyo mtoto akiingiza mkono wenye najisi yote yameharibika.

Hapa ndipo nilipoona kwamba tanki lina elimu, na elimu yenyewe imo katika vitabu vyetu vya fiqhi. Wanafunzi wa daraja la juu mmesoma kwamba katika madhehebu ya Imam Shafi (r.a.), maji yakiwa machache kuliko qulla mbili hunajisika kwa kuingiwa na najisi hata kama hayakubadilika. Yakifika qulla mbili au zaidi, hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Sasa qulla mbili ni kiasi gani? Wanazuoni hawakutuacha gizani, wametupa vipimo vya chombo. Kikiwa cha pande nne, kila upande uwe dhiraa moja na robo: urefu, upana na kina. Kikiwa cha mviringo, upana wake uwe dhiraa moja, na kina chake dhiraa mbili na nusu.

Chukueni kalamu. Tuiweke dhiraa kuwa sentimita 48. Dhiraa moja na robo ni sentimita 60. Zidisha 60 kwa 60 kwa 60, unapata sentimita za ujazo 216,000, yaani lita 216. Ndiyo hesabu mnayoiona katika vitabu vingi. Sasa tuangalie chombo cha mviringo, ambacho katika hisabati za shule mnakiita mcheduara. Kipenyo ni sentimita 48, kwa hiyo nusukipenyo ni 24. Kina ni sentimita 120. Nusukipenyo mara nusukipenyo, mara pai, mara kina, unapata lita 217. Vipimo viwili vya maumbo tofauti vimekutana, vimeachana kwa lita moja tu! Wanazuoni wale walijua ujazo wa mcheduara karne nyingi kabla ya shule zetu, na walijifunza ili ibada za watu zisiharibike. Mwanafunzi anayedhani hisabati ni ya shule na fiqhi ni ya madrasa na airudie hesabu hii.

Basi pipa letu la lita 200, hata likijaa hadi ukingoni, halikufika qullatain. Mzee wa pili alikuwa na haki. Tena lilikuwapo suala jingine: maji machache, ukishaosha uso kisha ukatumbukiza mkono bila kunuia kuchota, huingia katika hukumu ya maji yaliyotumika. Ni mtoto gani wa miaka saba anayekumbuka nia ya kuchota huku wenzake wakimsukuma nyuma?

Kumbukeni pia kwamba kinachopimwa ni maji yaliyomo, ukubwa wa chombo hauhesabiwi. Tanki la lita 1,000 likibaki na lita 100, maji hayo ni machache.

Na jambo moja nawaomba mlishike vizuri. Hukumu ya qullatain inatuambia kama maji yanafaa kutwaharishia. Haituambii kama maji ni salama kunywa. Vijidudu vya kipindupindu havionekani kwa macho, havina rangi wala harufu. Maji ya kisima kikubwa yanaweza kuwa twahara kwa hukumu na bado yakamlaza mtoto kitandani. Muulizeni mwalimu wenu juu ya la kwanza, na muulizeni mganga juu ya la pili.

KWA NINI TANKI NI LA MVIRINGO?

Ukienda Matema siku ya soko utaona vyungu vya akina mama wa Kikisi kutoka Ikombe, vimeletwa kwa mitumbwi na kupangwa ufukweni. Bibi zetu wameweka maji ya kunywa katika vyungu hivyo tangu zamani, na maji yakawa baridi kwa kuwa udongo unayatoa jasho kidogo kidogo. Je, umewahi kuona chungu cha pande nne? Akina mama wale hawakusoma jometri, lakini mikono yao imejua jambo ambalo mainjinia nao hulifuata. Pita Kurasini, Dar es Salaam, uyatazame matanki makubwa ya mafuta. Yatazame matanki ya maji ya hospitali na ya viwanda. Yaliyo mengi ni mcheduara.

Sababu ya kwanza mnaweza kuijaribu nyumbani. Chukua karatasi mbili zilizo sawa. Moja ikunje iwe na pande nne sawa kama sanduku lisilo na mfuniko, nyingine izungushe iwe bomba. Zisimamishe ndani ya sinia, zijaze mchele hadi juu, kisha pima kwa kikombe. (Muombe mama ruhusa kwanza, na mchele urudi wote.) Utaona bomba limechukua mchele zaidi, kwa kiasi cha robo na ushei. Hesabu yake ni hii: ukuta wa mzingo wa mita 4 ukiwa wa pande nne unazunguka eneo la mita 1 ya mraba, ukiwa duara unazunguka mita 1.27 za mraba. Kwa hiyo kwa saruji ileile, matofali yaleyale na nondo zilezile, fundi wa tanki la mviringo anawapa maji zaidi. Kwa watu wanaochanga shilingi mia mia, hilo si jambo dogo.

Sababu ya pili ni msukumo wa maji. Toboa matundu matatu kwenye chupa ya plastiki, moja juu, moja katikati, moja chini, kisha ijaze. Tundu la chini litatoa maji kwa nguvu kuliko yote, kwa sababu maji yote ya juu yanayakandamiza ya chini. Ndani ya tanki hali ni hiyohiyo. Maji yanasukuma ukuta kwa nje, na yanasukuma zaidi kadiri unavyoshuka. Ukuta ulionyooka hutaka kutuna katikati, na nguvu zote hukimbilia kwenye kona. Mimi nimeitwa mara nyingi kuziba matanki ya pande nne, na karibu kila mara ufa ulikuwa konani. Ukuta wa mviringo hauna kona. Msukumo unagawanyika sawasawa kuuzunguka, kama pete ya chuma inavyokaza pipa la mbao. Ndiyo maana sisi mafundi tukijenga tanki la saruji na nyavu tunazungusha waya karibu karibu upande wa chini, na kwa nafasi zaidi kadiri tunavyopanda.

MKUTANO WETU

Baada ya mtoto wa dada kupona, jamaa walikutana baada ya sala ya Ijumaa. Kulikuwa na fedha zilizochangwa kwa ajili ya zulia jipya la msikiti. Nilisimama nikaomba zinunue tanki. Haikuwa rahisi. Wengine walisema fedha iliyochangwa kwa jambo moja haihamishwi kwa jambo jingine bila ridhaa ya waliotoa, na walisema kweli, kwani hiyo ni amana. Ikabidi waliotoa waulizwe mmoja mmoja. Wawili walikataa, na fedha zao zikawekwa pembeni kwa ajili ya zulia kama walivyotaka. Katika wale walioulizwa alikuwamo bibi mmoja mjane, ambaye mchango wake ulikuwa debe mbili za mchele. Alijibu kwa sauti ya chini kutoka upande wa wanawake: "Wanangu, zulia jipya atalisujudia nani, kama watoto wetu wamelazwa?" Watu wakanyamaza. Imamu akamuombea dua.

Tulinunua tanki la plastiki la lita 5,000, haya ambayo watu wote huyaita simtanki. Yapo ya lita 500, 1,000, 2,000, na kuendelea hadi 10,000. Hutengenezwa kwa kuuzungusha unga wa plastiki ndani ya kalibu la moto mpaka uyeyuke na kushika kuta zote, kwa hiyo halina kiungo cha kuvuja. Yaliyo mengi ni meusi. Mwanga haupenyi, na ukungu wa kijani unaopenda mwanga hauoti ndani. Mwanafunzi mmoja aliniuliza: je, maji yakipata moto wa jua ndani ya tanki jeusi, si ndiyo yale ambayo ni makuruhu kutawadhia? Nilifurahi kwa swali hilo nikampeleka kwa mwalimu. Akajibiwa kwamba waliosema ni makuruhu walikusudia vyombo vya madini katika nchi za joto, na kwamba Imam Nawawi (r.a.) amechagua kauli kwamba hakuna ukaraha kabisa.

Kazi yangu ilikuwa msingi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo tanki lile likijaa ni tani tano zimekaa juu ya duara usiloweza hata kulizungushia mikono. Udongo wetu wa bondeni ukilowa unakuwa kama uji. Tulichimba mpaka kwenye udongo mgumu, tukajaza mawe ya mtoni, tukashindilia, tukamwaga zege lenye nondo, na juu yake tukajenga jukwaa lililoinuka kuliko alama ya mafuriko ya mwaka ule. Mawe yaliletwa na vijana wa jirani yetu, mzee wa kanisa, kwa mkokoteni wake, safari kumi na moja, na hakutaka malipo. Nitamrudia mzee huyu.

HESABU YA PAA NA HESABU YA KOPO

Maji yetu yanatoka kwenye paa. Kanuni yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la madrasa lina urefu wa mita 10 na upana wa mita 6, yaani mita 60 za mraba. Kwa mvua ya milimita 2,000 kwa mwaka, paa hilo linapokea lita 120,000. Tukitoa sehemu moja katika tano kwa yanayoruka na kumwagika, zinabaki lita 96,000. Hizo ni tanki letu mara kumi na tisa! Zamani zote hizo zilikuwa zinamwagika uwanjani na kutuletea matope.

Shida ni kwamba mvua haigawanyi maji sawa kwa miezi yote. Inakuja kwa wingi kisha inapungua, na wakati wa kiangazi tunaishi kwa akiba. Basi fikirini. Wanafunzi ni 70, kila mmoja anatawadha mara moja kwa siku. Ukifungua bomba na kuliacha likimwagika unapoosha miguu, unatumia lita 3 bila kujua. Jumla ni lita 210 kwa siku, na tanki lililojaa linakwisha kwa siku 23. Ukitumia kopo la lita moja, jumla ni lita 70 kwa siku, na tanki lilelile linafika siku 71. Na imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) akitawadha kwa mudd moja tu, kiasi ambacho hakifiki lita moja. Kwa hiyo sunna yake, tukiifuata, inatosha kulifanya tanki letu kuwa matatu bila kuchanga senti.

Hata hivyo siku 71 hazimalizi kiangazi. Mwaka wa kwanza maji yalikwisha mwezi wa tisa, na watoto wakarudi kubeba ndoo. Tukipata tanki la pili la ukubwa uleule, tutakuwa na lita 10,000, ambazo kwa kopo la lita moja ni siku 142 za masomo. Hilo ndilo ombi ambalo kamati inawaletea wazazi mwaka huu, na mimi msingi wake nitaujenga kwa sadaka.

BOMBA LA NJE

Tulipokuwa tunafunga mabomba, nilipendekeza moja litokeze nje ya uzio ili majirani wapate maji ya kunywa. Jambo hilo nusura livunje mkutano. Baadhi ya ndugu walisema maji ni machache, yametoka katika mchango wa Waislamu, na majirani wengi si Waislamu. Mwalimu wetu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatukumbusha kisima cha Ruma pale Madina, ambacho Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.) alikinunua kwa mali yake na kukitoa wakfu. Kabla ya hapo mwenyewe alikuwa akiwauzia watu maji. Akatuuliza ni nani kati yetu angependa kusimama mbele ya Allah akiwa upande wa aliyeuza. Akasema pia kwamba mawe yaliyobeba tanki hilo yaliletwa na mzee wa kanisa. Hakuna aliyejibu. Bomba la nje likafungwa, na muda wake ni kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, ndoo moja kwa nyumba, na kiangazi nusu ndoo.

Asubuhi ya kwanza alikuja mjukuu wa yule mzee na kindoo kidogo. Babu yake alikuwa nyuma, akasema kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," yaani asante sana, akamshika mwalimu mkono kwa mikono yake miwili.

Kuwawekea watu maji ni kazi ya zamani katika Uislamu wa pwani yetu. Katika magofu ya Gedi, karibu na Malindi, msikiti mkuu una kisima na birika la kutawadhia, na hilo neno birika ndilo wazee walilolitumia kabla hatujasema tanki. Kule Unguja, Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliwaletea watu wa mjini maji ya mfereji kutoka chemchemi za Chemchem. Mkoani kwetu, katika miaka ya 1980, Denmark ilisaidia mpango mkubwa wa maji wa mikoa ya Iringa, Ruvuma na Mbeya, maji yakishuka kwa mserereko kutoka milimani hadi kwenye matanki ya vijiji. Tangu 2019 maji ya vijijini yako chini ya RUWASA. Sera ya maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo cha lita 25 kwa mtu kwa siku, umbali usiozidi mita 400, na bomba moja kwa watu 250. Bomba kama hilo linahitaji lita 6,250 kila siku. Tanki la mviringo la lita 50,000, lenye kipenyo cha mita 5 na kimo cha mita mbili na nusu na kidogo, linalisha mabomba manane kwa siku moja. Ukiliona limesimama juu ya kilima usilipite tu. Hesabu ni watoto wangapi wanakunywa humo.

KULITUNZA

Tanki likiachwa bila matunzo linakuwa nyumba ya vijidudu. Nawaachia maagizo haya, na viranja wayabandike ukutani:

1. Mvua za kwanza baada ya kiangazi zisiingie tankini. Geuza bomba la mfereji, paa lioshwe vumbi na mavi ya ndege kwanza.

2. Mfuniko ufungwe wakati wote, na bomba la kumwagia maji ya ziada liwekwe wavu mwembamba. Mbu wa malaria hahitaji nafasi kubwa.

3. Bomba la kuchotea liwe juu kidogo ya kitako cha tanki, ili tope linalotuama chini lisitoke na maji.

4. Tanki lisafishwe kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, maji yakiwa yamepungua.

5. Mtoto yeyote asipande juu ya tanki wala kuingia ndani. Hata mtu mzima asiingie peke yake. Awepo mwingine nje anayemuona, kwa maana hewa ya ndani inaweza kumlegeza mtu kabla hajaita.

6. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa kama maelekezo ya pakiti yanavyosema, hata kama yametoka tankini.

7. Atakayeona bomba linadondosha amwambie mwalimu siku hiyohiyo. Tone moja kila sekunde ni ndoo nzima kwa siku moja hadi mbili.

Wanafunzi wapendwa, mtoto wa dada yangu sasa ni mkubwa, na ndiye aliyepewa ufunguo wa bomba la nje. Kila asubuhi anafungua kabla ya kwenda shule. Wazazi, tanki la pili linasubiri uamuzi wenu. Michango inapokelewa kwa mhasibu wa madrasa, kwa fedha au kwa mchele au kwa kakao, na atakayeleta mawe kwa mkokoteni amechanga. Tunamuomba Allah (S.W.) ayajaalie maji haya kuwa sadaka yenye kuendelea kwa wote waliotoa, walio hai na waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.